Firenzecard: euro 85 zinalipa, ila siyo kwa kila anayekwenda Firenze

Wengi wanaouliza kuhusu hii kadi ya kuingilia makumbusho ya Firenze, Italia, kwa masaa 72, swali lao ni moja tu, inalipa au hailipi? Kama unaenda Firenze kuiona sanamu ya Daudi ya Michelangelo pale makumbusho ya Accademia, upige picha, upite makumbusho ya Uffizi uone michoro ya Botticelli halafu basi, usinunue. Kata tiketi mbili zako, hela inayobaki ukale vizuri. Uffizi msimu wa watalii ni euro 25, ukibuku mapema unaongeza 4, kwa hiyo ukizichukua hizo kubwa mbili peke yake kadi ya euro 85 bado haijarudisha hela yake.

Inalipa kwenye yale madogo. Hapo ndo naipenda hii kadi kiukweli, maana ukiwa nayo mfukoni huanzi kujiuliza kila mlango kama hapa panastahili hela ya kiingilio, unaingia tu, na Firenze vitu vya maana viko kila kona. Mfano San Marco, ilikuwa nyumba ya watawa, unapanda ngazi na ukifika tu juu unakutana uso kwa uso na Malaika Gabrieli anampasha Maria habari, mchoro wa Fra Angelico, mtawa mchoraji, halafu kuna korido yenye vyumba vidogo vya watawa na kila chumba kina kidirisha kimoja na mchoro mmoja ukutani, basi, hakuna kingine. Mtawa alikuwa analala na kuamka anautazama huo huo maisha yake yote. Watu wanapita haraka haraka, wewe usipite, ingia chumba kimoja kimoja. Ila uwahi asubuhi kwa sababu San Marco kwa kawaida inafunga saa nane kasoro dakika kumi mchana, ukisema utaenda baada ya chakula umeikosa.

Pengine pa kwenda ni Bargello, makumbusho ya sanamu. Sanamu ya shaba ya Daudi ya Donatello iko humo, kavaa kofia na mguu kaukanyagia kichwa cha Goliati, lakini mimi nakwambia tafuta vibao viwili vya shaba vimewekwa pamoja, ni vya shindano la mwaka 1401 la kutafuta fundi wa milango ya nyumba ya ubatizo. Washindani wote walipewa kisa kimoja, Ibrahimu anataka kumchinja mwanawe. Kibao cha Brunelleschi, malaika kamkamata Ibrahimu mkono kabisa, kisu kishafika shingoni. Cha Ghiberti kimetulia zaidi, malaika bado anashuka toka juu hajamgusa mtu, na mwili wa Isaka umechongeka utadhani unapumua. Ghiberti ndo akapewa kazi. Simama hapo uamue mwenyewe nani alistahili, mimi bado niko upande wa Brunelleschi.

Cappella Brancacci, kikanisa kidogo, nayo imo kwenye kadi, kule ng'ambo ya mto Arno, ina mchoro wa Masaccio wa Adamu na Hawa wanafukuzwa bustanini, na yule jamaa alifariki hana hata miaka 30. Wanaingiza watu wachache wachache kwa hiyo buku kwanza.

Sasa masharti, haya yasome vizuri. Masaa 72 yanaanza kuhesabiwa pale unapoitumia mara ya kwanza kwenye makumbusho, siyo ulipolipia. Ukianza Jumanne mchana inakufikisha Ijumaa mchana, na hiyo ni nzuri sababu Jumatatu Uffizi na Accademia zote zimefungwa, ukiianza Jumapili umejipunguzia siku nzima bure. Kila sehemu unaingia mara moja tu, ukitoka umetoka, na kadi ni ya mtu mmoja, hampokezani. Kuwa na kadi hakukuondolei kubuku, Uffizi na Accademia lazima uwe na muda wako, kwa hiyo shughulikia hilo kabla hujasafiri, usisubiri ufike mlangoni ndo uanze kuhangaika na simu. Watoto wa chini ya miaka 18 usiwanunulie, makumbusho ya serikali wanaingia bure. Na kama tarehe zako zimeangukia Jumapili ya kwanza ya mwezi hayo ya serikali ni bure kwa kila mtu, foleni lakini ni ndefu kwelikweli, kwa hiyo siku hiyo usiipoteze kwenye kadi.

Na Duomo, kanisa kuu la Firenze, haimo kwenye kadi! Hili linawachanganya watu wengi sana. Kanisa lenyewe kuingia ni bure, ila kuba, mnara wa Giotto, nyumba ya ubatizo na makumbusho yao vina pasi zao tofauti, ile kubwa inaitwa Brunelleschi Pass, euro 30 na ni ya siku tatu. Kuba hilo ndo la yule yule aliyenyimwa milango, lilikamilika 1436, ngazi 463 na hakuna lifti, na muda wa kupanda unauchagua unaponunua. Ushauri wangu siku ya kupanda iweke nje ya yale masaa 72, maana ukishuka pale miguu haitaki tena kusikia habari za Bargello.