Maltimita ya mezani ya mtumba: ulizia betri kabla ya tarakimu

Nilinunua maltimita ya mezani (chombo cha kupimia volti, mkondo na ukinzani) ya tarakimu tano na nusu, yaani tano kamili na ya mbele isiyofika tisa, kutoka kwa muuzaji aliyeielezea kwa maneno mawili: "Inawaka vizuri." Na kweli iliwaka. Nikachukua betri mpya ya volti 9. Mita yangu ya mkononi ikasoma 9.41, ile ya mezani ikasoma 9.1274. Nikachomoa waya, nikasafisha ncha, nikapima tena: 9.1275. Imetulia tuli, haichezi, desimali nne za uongo mtupu. Nilipofungua kifuniko nikakuta betri ndogo ya lithiamu imelehemiwa kwenye ubao. Nikaipima: volti 0.4. Ndipo nikaelewa nimeuziwa nini.

Mita kadhaa za miaka ya 1980 hurekebishwa bila kugusa skrubu. Maabara huipa mita volti inayojulikana, mita yenyewe inaandika namba za masahihisho kwenye RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika), na RAM hiyo inategemea betri hata mita ikiwa imezimwa. Betri ikifa, namba zimepotea. Kuweka betri mpya hakuzirudishi. Lazima irudi maabara, na ada ya huko inaweza kuzidi uliyolipia mita. Ndiyo maana sianzi na idadi ya tarakimu wala asilimia za usahihi, hayo utayasoma kwenye karatasi ya mtengenezaji. Naanza na swali moja: namba za kalibresheni, yaani hizo za masahihisho, zinakaa wapi?

Ya kwanza kwenye orodha yangu: HP 34401A. Sijifichi, hii ndiyo kipenzi changu. Tarakimu sita na nusu, na namba zake zinakaa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyohitaji betri. Ndani kuna rejea ya LM399, chipu ya volti thabiti ambayo mita hujilinganisha nayo, yenye kijoto chake chenyewe cha kuishikilia kwenye joto lilelile. Mwaka mmoja baada ya kalibresheni, kwenye renji ya volti 10, kosa lililotajwa ni 0.0035% ya unachosoma na 0.0005% ya renji. Ukikuta imeandikwa Agilent usoni usikubali kuambiwa ni "toleo jipya kabisa": vifaa vya kupimia vya HP vilihamia kampuni ya Agilent mwaka 1999, kisha Keysight mwaka 2014, na mita ni ileile.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, na litakusaidia. Mita hii huhesabu mara ambazo kalibresheni yake imeguswa, na hesabu hiyo inaonekana kwenye menyu. Mwombe muuzaji picha yake, ilinganishe na karatasi anazodai anazo. Halafu awashe huku ameshikilia kitufe cha Shift kwa zaidi ya sekunde tano, ijipime yenyewe kikamilifu. Udhaifu wake ni kioo. Zilizoachwa zikiwaka mchana na usiku kwa miaka maandishi hufifia, kwa hiyo taka picha iliyopigwa kwenye mwanga, si gizani ambako kila kioo kinang'aa.

Ya pili: Keithley 2000. Tarakimu sita na nusu, haina betri ya kalibresheni. Menyu zake hunikera, lakini hiyo ni kasoro ya mkono wangu, si ya mita.

Ya tatu: HP 3456A. Kubwa, nzito, na inarekebishwa kwa skrubu za ndani kwa bisibisi. Mtu akiniambia ni ya kizamani namjibu kwamba skrubu haisahau. Ila mwulize kama kuna aliyezichezea.

HP 3458A ni mfalme: tarakimu nane na nusu, imekuwapo tangu 1989. Lakini kalibresheni yake inakaa kwenye chipu ya kumbukumbu ya Dallas yenye betri iliyofungiwa ndani, ya kukadiriwa miaka kumi. Hesabu mwenyewe. Kama chipu haijawahi kubadilishwa, na namba hazijanakiliwa kwa GPIB (njia ya kuunganisha mita na kompyuta), unanunua sanduku la kilo 12 lenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Bei wanayoitaja wauzaji kwa hali hiyo ni ya kukufanya ufunge ukurasa.

HP 3457A na 3478A ziko kwenye kundi la betri ya kulehemiwa. Nunua tu kama namba bado zimo. Ikifika, nakili RAM kwanza kwa GPIB, na usiing'oe betri ya zamani kabla hujaunganisha chanzo kingine cha volti 3 sambamba nayo. Anayeing'oa kwanza "aone" atakuwa ameona.

Za bei ya chini: Fluke 8842A inatosha kwa mwenye kazi ndogo. Basi.

Sasa wauzaji. Stika ya kalibresheni ya miaka kumi iliyopita wanaiita "imekalibretiwa". Picha wanayoweka inaonyesha sifuri tu, na sifuri haikuambii chochote kuhusu volti 10. Wengine wanauza kishikio peke yake na miguu ya mpira peke yake, kisha mita iliyobaki wanaiita kamili. Na hakuna anayekukumbusha kuangalia kiteuzi cha umeme nyuma; mita iliyowekwa volti 120 ukiichomeka kwenye 240, utasikia harufu kabla hujaona tarakimu.

Mimi siku hizi naomba picha ikiwa imeunganishwa na kibao cha rejea cha AD584, kile kinachotoa volti zinazojulikana za 10, 7.5, 5 na 2.5. Ni kidogo, hakigharimu sana, na muuzaji wa kweli wa vifaa vya kupimia hakosi kuwa na kitu kama hicho. Wa mwisho niliyemwomba alichukua siku mbili kunijibu: "Dada, inawaka."