Tathmini: Kamusi ya Etymonline na neno "reciprocal"

Msomaji anayetaka kujua neno la Kiingereza limetoka wapi, bila kulipia chochote, atanufaika sana na Etymonline, kamusi ya mtandaoni iliyoasisiwa na Douglas Harper. Niliipima kwa neno "reciprocal", linalotaja hali ya pande mbili kuathiriana au kutendeana. Kamusi inalirudisha hadi Kilatini, kwenye reciprocus, yaani kinachokwenda na kurudi, na kuonyesha kwamba ndani yake mmejificha vijisehemu viwili vinavyopingana: re-, nyuma, na pro-, mbele. Warumi walilitumia hata kwa maji ya bahari kujaa na kupwa, picha ambayo mkaazi wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kiingereza kililipokea katika karne ya 16, na leo wanaisimu hulitumia kutaja kauli ile ile tunayoiunda kwa kiambishi -ana, kama katika pendana. Kasoro ya kamusi hii ni kwamba hutaja kipindi neno lilipoanza kuonekana bila kunukuu andiko lenyewe, kazi ambayo Oxford English Dictionary huifanya kwa kina, ingawa kwa ada. Kwa mwalimu au mfasiri asiyeimudu ada hiyo, naipendekeza bila kusita.