Seti ya kuchongea boga "kwa maumbo": jihadharini na kadi namba tano

Nyota 2. Nilikuwa nimeweka 1, nitaeleza.

Wengi wanaolalamikia seti za Halloween (sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watu huchonga maboga na kuweka taa ndani) hulalamikia kijisumeno kukatika. Changu hakikukatika. Vijisumeno hivi hufa ukivipinda kwenye kona vikiwa bado ndani ya boga. Ukifika kona, chomoa, geuza boga, chomeka upya, anza mstari mwingine. Kwa hilo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kadi namba tano.

Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii ni ya kufundishia maumbo, watoto wa miaka 3 hadi 6. Kadi ni karatasi zenye michoro, unazibandika kwenye boga na kukata kwa kufuata mstari. Ya kwanza pembetatu, ya pili mraba, ya tatu mstatili, ya nne duara. Ya tano, na ndiyo iliyopewa picha nzima ya boksi, ni pembetatu iliyokaa katikati ya duara, haigusi popote. Aliyeichora amewahi kushika boga kweli? Ukishaondoa nyama yote inayoizunguka, hiyo pembetatu inashikwa na nini? Na dua?

Mchongaji yeyote anajua kwamba kipande cha katikati lazima kiachiwe madaraja, walau matatu, kila moja upana wa kidole, ya kukiunganisha na ukingo. Kadi haina daraja hata moja. Nikajiambia labda wana ujanja nisioujua, nikafuata maelekezo neno kwa neno mbele ya watoto wa miaka minne. Pembetatu ikatumbukia ndani, tubwi. Kimya. Kisha mmoja akauliza kama imeumia.

Nikawaandikia wenye seti. Jibu: boga langu lilikuwa "jembamba mno". Jembamba! Nilikuwa nimekwangua hadi ukuta ukabaki kama sentimita 2.5, kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye karatasi yao. Na hata lingekuwa na ukuta wa sentimita kumi, pembetatu isiyoshikwa na kitu ingeanguka vilevile, ila kwa kishindo zaidi.

Haya, kadi nyingine. Pembetatu ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ni mikato mitatu iliyonyooka na basi. Mraba nao ni mzuri, ila ukate wa pili ukiwa umesimama kwa kona moja; watoto wengi watakwambia huo si mraba tena, na hapo ndipo somo lilipo. Duara ndilo lenye balaa. Karatasi ni bapa, boga ni la mviringo, kwa hiyo kadi inakunjamana na duara linatoka yai. Chanja pindo za karatasi pande zote kabla ya kubandika kwa selotepu, na duara lisizidi sentimita 7. Kubwa kuliko hapo linavutwa na tumbo la boga.

Kazi ya mtoto ni kutoboa: tundu baada ya tundu kufuata mstari, kila nusu sentimita, mkubwa akishika boga lisibingirike. Kusumenoa ni kwa mkubwa peke yake. Kipande kikishakatika kisichokolewe na kisu kutoka nje. Mtoto aingize mkono ndani na kukisukuma. Wanalipenda hilo kuliko peremende. Na mfuniko ukatwe kwa mshazari kuelekea katikati. Ukikata wima, unadumbukia kama ile pembetatu yao.

Nikiri jambo. Baada ya maafa ya kadi namba tano, watoto waliokota vile vipande na kuanza kuvirudisha kwenye matundu. Pembetatu kwenye duara: inapita, inaanguka. Pembetatu kwenye tundu lake: inakaa. Wakaizungusha, ikakaa tena, mara tatu. Mraba mara nne. Duara kila unavyoligeuza. Mmoja akaona kwamba ukiigeuza pembetatu, ile mifereji ya ganda haiendani tena na ya boga, akarudi nyuma kutafuta ilikotoka. Sijaona kifaa cha plastiki kinachofanya hivyo. Sharti moja tu: sumeno lishikwe wima, lisilale, la sivyo kipande kinakwama. Siku hiyo ningewapa hata nyota 4.

Lakini hilo ni la boga, si la seti. Boga lenyewe linauzwa kila duka hapa Marekani ukifika Oktoba. Chukua la kuchongea, siyo zito la kupikia. Nyama yake ni maji na nyuzinyuzi, usilipeleke kwenye futari. Kingo zilizokatwa zipake mafuta ya mgando, zitachelewa kusinyaa, na ndani weka taa ya betri badala ya mshumaa. Hata hivyo usichonge mapema sana, maana baada ya siku chache tu linaota ukungu.

Nilikuwa nimepandisha hadi 3. Nikalisoma tena lile jibu la "jembamba", nikarudi 2.

Juzijuzi wameniletea boksi jingine bure, la kuomba radhi. Nimelifungua. Kadi namba tano imo, na bado haina daraja.