Maegesho karibu na Sanamu ya Askari, Posta: nilifungiwa getini, kisha nikalipishwa kwa kufungiwa

Nyota mbili. Nilitaka kuweka moja, mke wangu akasema subiri hasira zipoe. Nimesubiri. Hazijapoa sana, lakini tuseme mbili, tuone tutafika wapi.

Anayeijua Posta ya Dar hahitaji kuelekezwa. Askari yuko katikati ya kipilefti, Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Amesimama hapo tangu 1927. Hakuna dereva wa mji huu ambaye hajamzunguka, ila waliowahi kushuka wakamtazama usoni ni wachache mno, na sasa najua kwa nini. Huna pa kuliweka gari. Siku ile nilimzunguka kama ngamia wa kinu, Mjomba yuko kiti cha mbele amegeuza shingo, kila tukipita anaona kipande: mara kofia, mara mgongo, mara maandishi ambayo hawezi kuyasoma kwa sababu nyuma yetu kuna daladala inapiga honi.

Kabla hamjaniambia kwamba ningepanda mwendokasi: najua. Ningekuwa peke yangu ningepanda, nikashuka Posta ya Zamani na kutembea. Lakini Mjomba ametoka Muheza, ana umri wa kuitwa babu na watu wenye wajukuu, magoti yamemkataa na anatembelea mkongojo. Huyu humsimamishi kwenye basi lililojaa. Na yeye ndiye aliyetaka kuja. Babu yake alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika vita ile ya 1914 hadi 1918, na tangu utotoni amesikia kwamba Dar kuna sanamu ya watu wa vita ile. Amekuja Dar mara nyingi, kwa matibabu, kwa misiba, kwa harusi, na hakuna aliyewahi kumpeleka. Ndiyo nikasema safari hii hatoki bila kuiona.

Basi pembeni mwa barabara hapana nafasi. Si kwamba ni chache, hakuna kabisa. Wafanyakazi wa maofisini wanawahi alfajiri, gari likishalala pale saa kumi na mbili asubuhi halitoki mpaka jioni. Panapoonekana wazi ukisogea unakuta ndoo ya rangi iliyomiminiwa zege, imewekwa katikati kama bendera ya nchi. Ukiuliza ya nani, unaambiwa "ya mkubwa". Mkubwa gani? Hakuna anayejua, lakini ndoo inaheshimiwa kuliko alama za barabarani.

Aliyetuokoa ni mmoja wa wale vijana wa "lete lete, kata, nyoosha, hapo hapo". Namsifu mapema kwa sababu huko mbele sitakuwa na mtu wa kumsifu. Alituona tukipita, tukapita tena, akanyoosha mkono. Kichwa kikaingia dirishani, na neno la kwanza, kabla hata ya kuniambia bosi, likawa "Shikamoo mzee." Mjomba akaitika marahaba kwa sauti yote. Kijana akasema barabarani nisijisumbue, kuna yadi nyuma ya jengo fulani, ya kulipia, ina nafasi. Akatangulia mbele ya gari mbio, akatuingiza, akamshika Mjomba mkono kumshusha. Nikampa buku mbili, na angetaka tano ningempa.

Jina la jengo silitaji. Wenyewe wanajijua, na mkipita pale mtawajua.

Kuingia hakukuwa na shida yoyote. Kizuizi kikanyanyuka, mashine ikatema karatasi yenye saa, gari likalala chini ya kivuli cha mkungu. Nikawaza, kumbe Posta nayo ina mahali pa kistaarabu, nikamwambia hata Mjomba. Wakati ule ningewapa nyota nne bila kufikiri.

Kuhusu sanamu yenyewe sitasema mengi, mnaipita kila siku. Kuvuka kuifikia na mtu wa mkongojo ni kazi nyingine, bodaboda hazingoji mtu. Lakini tulifika. Maandishi yapo ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu, na Mjomba, aliyekaa madrasa kuliko alivyokaa darasani, akaanza na haya ya mwisho. Alisimama palepale jua likimpiga utosini, anasoma kwa kidole hewani. Nikamweleza niliyokuwa nayajua, kwamba Wajerumani nao walikuwa na sanamu yao hapa mjini, ya gavana wao Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipoingia 1916. Na kwamba ile ya Nairobi ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Hilo halikumfurahisha. Akamtazama askari wetu, mmoja tu, na bunduki yake, akauliza sasa wapagazi wa huku wako wapi. Nikamwambia jina lao liko Kariakoo, maana Kariakoo ni hao hao Carrier Corps waliopigiwa kambi pale. Akacheka hadi akaegemea mkongojo. "Askari kapewa sanamu," anasema, "babu yangu kapewa soko."

Kwa hiyo tulikuwa na furaha. Naomba mlikumbuke hilo. Tulirudi kwenye gari tukiwa watu wenye furaha.

Getini sasa. Kulipa ni kwa simu tu: mlinzi anaingiza namba ya gari kwenye kimashine, kinakupa namba ya malipo, unalipa, kizuizi kinanyanyuka. Vizuri. Mlinzi akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Mtandao hamna." Nikamwambia basi pokea pesa taslimu, hii hapa, noti mkononi, hata chenji sitaki. "Hatupokei keshi." Nikamwambia niandikie, nitalipa baadaye. "Haturuhusiwi." Nifungulie basi nisogee pembeni niwapishe hawa walio nyuma. "Kizuizi kinafunguliwa na mfumo." Bosi wako yuko wapi? "Ametoka." Anarudi saa ngapi? Kimya. Akaingia kibandani, akakaa, akatoa simu yake na kuangalia mpira. Simu yake, nawaambia, ilikuwa na mtandao wa kuonyesha mpira.

Nyuma yangu magari yakapanga foleni, honi zikaanza, na wote wananipigia mimi. Joto la Dar mnalijua. Nilikuwa nimeshatoka kwenye kivuli cha mkungu, na kurudi nyuma siwezi. Mjomba jasho linamtiririka shingoni, kitambaa chake kimelowa. Akasema ngoja nizungumze naye mimi, vijana hawa wanataka kuzungumzishwa kwa upole. Akashuka polepole, mguu mmoja, mkongojo, mguu wa pili, akaenda mpaka dirisha la kibanda.

"Hujambo mwanangu."

Hakujibiwa.

Nikajisemea labda hajasikia, honi ni nyingi. Mjomba naye akadhani hivyo, akarudia, safari hii ameinamisha kichwa kidogo ili sauti iingie dirishani. Mlinzi akanyanyua macho kutoka kwenye mpira wake, akamtazama mzee wa watu kuanzia kofia hadi viatu, akasema: "We mzee, rudi kwenye gari, unaziba njia."

We mzee.

Nimejaribu kumtafutia sababu yule mtu. Labda amekesha zamu ya usiku ikaunganishwa na ya mchana, walinzi wengi wa mji huu wanafanyiwa hivyo. Labda mshahara umechelewa. Labda tangu asubuhi ametukanwa na wenye magari na mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni ndefu ya matusi, ingawa sikumtukana. Yote nakubali. Lakini shikamoo haihitaji mtandao, wala haipitishwi kwenye kimashine. Hata wezi wa mji huu, wale wanaong'oa vioo vya magari pale kwenye taa, wakikutana na mzee wa umri ule wanamwamkia. Na njia yenyewe aliyokuwa anaiziba ni ipi, wakati kizuizi kimefungwa na hakuna gari linaloweza kwenda popote?

Mjomba hakusema neno. Akageuka, akarudi mwendo ule ule, akakaa kwenye kiti akitazama mbele. Mimi ndiye niliyeshuka na kusema, na niliyoyasema siyaandiki hapa. Mama mmoja wa gari la nyuma naye akashuka, akayasema yaliyobaki, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Mlinzi akafunga dirisha.

Baada ya muda, na msiniulize muda gani maana kwangu ulikuwa mchana mzima, kimashine kikalia. Mtandao umerudi. Namba ya malipo ikatoka, nikaangalia kiasi. Nikaangalia karatasi ya kuingilia. Nikaangalia tena kiasi. Jamani, wamenihesabia na muda wa getini. Muda niliokaa pua ya gari imegusa kizuizi chao, noti mkononi, naomba nitoke, ndio huo wameuandika kuwa nimeegesha. Nilipouliza, dirisha likafunguka upana wa kiganja: "Mfumo ndio umesema."

Mfumo huu. Siku hizi kila mahali kuna mfumo. Ukipunjwa ni mfumo, ukisahaulika ni mfumo, ukifika umechelewa mfumo umekuwahi. Ila sijawahi kuona mfumo ukikosea kwa upande wa kumpunguzia mteja. Nimelipa, kwa sababu Mjomba alisema lipa twende, na kwa sababu mama wa gari la nyuma alikuwa na mtoto wa kumpitia shule.

Sasa haki yao niwape. Yadi iko karibu mno na sanamu, hatua chache, na kwa mtu mwenye mzee au mgonjwa sijaona pengine pa karibu kama hapo. Gari halikuguswa. Vioo vya pembeni nilivikuta vyote viwili, na waliowahi kuegesha Kariakoo wanajua hilo si dogo. Kivuli kipo. Kama mnaingia mnatoka na mtandao uko hewani, mnaweza msione shida yoyote mkashangaa huyu anayelalamika ana nini. Nilipofika hapa nilikuwa nafikiria kuwaongeza ya tatu.

Halafu nimefungua simu kutafuta ule ujumbe wa malipo ili niwaandikie vizuri, nikausoma mpaka chini. Umeandikwa "Karibu tena". Baada ya jina la huduma, baada ya kiasi, baada ya saa zote zile walizonihesabia. Hapana. Naiondoa ya tatu ambayo sikuwa nimeiweka, na ya pili naiondoa nayo. Ile moja iliyobaki si yao, ni ya kijana wa lete lete, na kwa kuwa hapa hakuna mahali pa kumwekea ya peke yake, ikae hapo hapo.

Kwa wanaotaka kwenda: nendeni Jumapili asubuhi. Maofisi yamefungwa, ndoo za zege zimeondolewa, kando ya Samora unachagua pa kuegesha. Siku za kazi mwende na mtu wa tatu, dereva awashushe pembeni, azunguke zake, mkimaliza mumpigie aje. Mkilazimika kuingia kwenye yadi ya nyuma ya jengo, ulizeni getini kabla ya kuingia: mtandao ukikatika, natokaje? Wakianza kutazamana, geuzeni gari.

Mjomba amesharudi Muheza. Jana nimempigia kumjulia hali, nikakuta ana wageni barazani, simu akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie anavyowahadithia safari. Askari alimmaliza kwa maneno machache, na utani wake wa soko. Hadithi zilizobaki zote zilikuwa za mlinzi. "Ana ndevu kabisa," anawaambia, "mtu mzima, ana pete kidoleni. Na hakuniamkia."