Vidude vya mkobani: kipi kinahimili Mombasa, kipi kiache dukani

Maelezo ya kwenye boksi yameandikiwa mtu anayeishi kwenye hewa kavu. Sisi hapa tuna hewa ya chumvi inayokula chuma mpaka ndani ya tundu la chaji, jasho la kaskazi, na feri ya Likoni saa za jioni, mkoba umebanwa mbele na nyuma. Kwa hiyo sikupanga orodha hii kwa uzuri wa kidude wala wingi wa taa zake. Nimeangalia jambo moja: miezi mitatu baada ya kukinunua, kitakuwa bado mkobani au kitakuwa kwenye droo pamoja na chaja za Nokia?

Pawabenki siiingizi mashindanoni, kwa sababu nusu ya vinavyofuata vinaitegemea. Ya 10,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) yatosha. Namba hiyo ni ya betri ya ndani, inayofanya kazi kwa volti 3.7, ilhali umeme unaotoka kwenda kwenye simu ni wa volti 5 au zaidi, na mwingine hupotea njiani kuwa joto. Tarajia kubaki na kama 6,000 hivi, yaani simu ya kawaida kuijaza mara moja na ushei. Watengenezaji waaminifu huiandika namba hiyo ndogo mgongoni, kwa herufi za kukaza macho. Ukikuta kitu chepesi cha kukaa kiganjani kimeandikwa 50,000, mrudishie mwenyewe. Na kama unasafiri kwa ndege, ibebe mkononi, usiipakie kwenye sanduku. Mpaka unaoruhusiwa bila kuomba idhini ni wati-saa 100. Zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya 20,000 inatoka 74, hiyo inapita.

1. Mfuko wa simu usioingia maji

Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa na ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza bila kusita. Ukienda ufuko wa Pirates na watoto, ukipanda mashua kwenda Wasini, au masika yakikukuta kwenye tuktuk isiyo na mapazia, simu imo shingoni na moyo umetulia. Hata simu zinazosifiwa kuhimili maji hupimwa kwa maji baridi ya kawaida, si kwa maji ya bahari, na chumvi ikishakauka ndani ya tundu la chaji hakuna fundi atakayekupa ahadi.

Chagua wenye kufuli ya kugeuza au kubana pande mbili. Ule wa zipu ya plastiki peke yake uache. Kabla ya kuuamini, tia tishu ndani, ufunge, uuzamishe kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa ukiwa umewekewa jiwe juu. Tishu ikitoka kavu, weka simu. Ufungie ndani ya nyumba penye feni, si ufukweni, kwa sababu ukifungia hewa yenye unyevu plastiki itapiga ukungu na picha zote zitatoka kama za moshi. Chini ya maji kioo hakisikii kidole, kwa hivyo fungua kamera kabla hujazama, kisha piga kwa kitufe cha sauti. Ukitaka kulipa dafu kwa M-Pesa, alama ya kidole huenda isisome kupitia plastiki. Namba ya siri itaingia bila shida. Usiuache juani tu, simu itaungua ndani kwa ndani.

2. Mizani ya kuning'iniza sanduku

Hii ni ya kila nyumba yenye mtu Uarabuni, na nyumba hizo Mombasa ni nyingi. Mtu anaondoka na achari, halua, mabuyu, krisps za muhogo, bado mama yake hajaleta kifurushi cha jirani, na mambo yanakuja kufunguliwa sakafuni pale uwanja wa ndege wa Moi watu wote wakitazama. Mizani yenyewe haizidi ukubwa wa rimoti. Chukua yenye mkanda, siyo ya ndoana, maana ndoana haishiki vizuri mpini mpana. Iwe inalia na kuganda kwenye namba, ili usisome huku mikono inatetemeka. Nenda dukani na pakiti ya unga ya kilo 2, uitie kwenye mfuko wa kushika na uining'inize: ikisoma kilo 2 na vigramu vichache, lipa. Ikisoma 2.4, sanduku la kilo 23 litakudanganya vibaya.

3. Chetezo cha chaji

Najua wapo watakaosema hiki kingekuwa cha kwanza. Ni kikopo cha kukaa kiganjani chenye kibamba cha moto ndani. Unaweka udi, unabonyeza, moshi unatoka bila kaa la makaa. Kwenye gari, kwenye chumba cha hoteli kabla ya kwenda harusini, hata kwa nywele ukipata kile chenye umbo la kichana, kinafanya kazi. Lakini kuzalisha joto hula betri sana, kwa hiyo usitarajie mikao mingi kabla ya kukirudisha kwenye chaji. Udi wa kupika wenye sukari huyeyuka na kuganda juu ya kibamba; usipoufuta kikiwa na uvuguvugu, mara ya tatu utasikia harufu ya kuungua badala ya harufu ya udi. Kikopo kiwe cha chuma au kauri mdomoni, na kizime chenyewe kikianguka au muda ukipita. Cha plastiki mpaka juu mimi sikitaki hata bure. Na wala usikiwashe ndani ya matatu, wenzako wengine wana pumu.

4. Feni ya shingoni

Feni haipoozi hewa, inakausha jasho, na jasho kwenye unyevu wetu hukauka polepole. Bado upepo ni upepo, na mwezi wa Februari ukisubiri matatu Buxton saa saba mchana utaushukuru. Nunua isiyo na mapanga ya wazi, maana yenye mapanga hunasa nywele na ncha ya mtandio. Wanaovaa hijabu wajue kwamba kitambaa huziba matundu ya pembeni. Afadhali ya mkononi. Tundu la chaji liwe na kifuniko cha mpira, vinginevyo jasho litalimaliza kabla ya betri. Kipepeo cha ukili kiko sokoni na hakiombi chaji, nimesema tu.

5. Tasbihi ya kidole na msala wa mfukoni

Tasbihi ya kidole, kile kidude cha kuhesabia dhikri kwa kubonyeza, ni rahisi na Ramadhani huuzika sana. Angalia tu kitufe chake kisiwe chepesi kiasi cha kuhesabu chenyewe mfukoni. Msala unaokunjwa kuwa kama pochi nao ni mzuri kwa safari. Dira iliyoshonewa humo ijaribu papo hapo, na kwa Mombasa kazi ni nyepesi: Makka iko karibu kaskazini kabisa yetu, hivyo kibla na ncha ya kaskazini vinaelekea kukutana. Weka simu mbali unapoisoma, sumaku ya spika huivuta.

6. Kitufe cha kutafuta funguo

Kwa Bluetooth pekee husikika mita kama kumi, yatosha kwa funguo zilizojificha chini ya kochi. Zaidi ya hapo hutegemea simu za watu wengine kupita karibu. AirTag, yaani kitufe cha aina hii cha kampuni ya Apple, hutaka mwenyewe awe na iPhone, na sisi wengi wetu ni Android, kwa hiyo uliza kinashirikiana na simu gani kabla ya kutoa pesa. Betri yake ya kidonge ni hatari kubwa mtoto akiimeza. Kifuniko kiwe kigumu kufunguka.

Vya kuacha

"AC" ndogo ya mezani ya kutiwa maji. Inafanya kazi kwa kuvukiza maji, jambo linalowezekana Garissa au Lodwar kwenye hewa kavu. Mombasa, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, itakuongezea unyevu chumbani na kukuachia joto lako lilelile. Feni ya kupuliza ukungu ni ndugu yake.

Pawabenki yenye kioo kidogo cha jua mgongoni. Kioo cha ukubwa wa simu kikitoa wati moja na nusu kimejitahidi, na betri ya 10,000 mAh inabeba wati-saa 37. Hesabu: zaidi ya saa 24 za jua kali, siku kadhaa ukiianika, na joto hilohilo ndilo linaloua betri.

Chochote chenye betri kinunue kwenye duka lenye anwani, pale Digo Road au Mwembe Tayari, kiwashwe mbele yako, upewe risiti. Anayetembeza kwenye foleni ya kivuko ana bei nzuri zaidi, ila kesho ukirudi na kidude kilichokufa hatakuwepo, au atakuwepo na hakukumbuki.