Uzoefu wangu: mahekalu ya zamani ya Thanjavur na Mahabalipuram, kwa jicho la fundi mwashi

Mimi ni fundi ujenzi, nipo Tanga, kuta na zege ndo maisha yangu mwaka wa 18 huu. Nilimsindikiza mama mdogo Chennai, India, kwa matibabu ya moyo, upasuaji ukaenda vizuri alhamdulillah, ila daktari akasema tusiondoke mpaka aangaliwe tena baada ya wiki tatu. Waliowahi kupeleka mgonjwa kule wanajua hali inavyokuwa, unashinda gesti unaangalia feni inazunguka, unasonga ugali wa unga uliobeba toka nyumbani, siku haziishi. Binamu yangu alipofika kunipokea zamu nikasema hapana, hizi siku nazitumia kuona mahekalu ya zamani ya Wahindu, maana toka nikiwa saidia fundi nasikia watu wa kule walijenga kwa mawe matupu bila nondo. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyepo Chennai sasa hivi anasubiri majibu ya mgonjwa wake, aone kama safari inamfaa. Na kwa anayejiuliza kuhusu dini, mimi ni Mwislamu, nilienda kuangalia ujenzi na historia, nilivua viatu kama wengine, hakuna aliyenisumbua hata mara moja.

Nilianza na Mahabalipuram kwa sababu ni karibu, ipo pwani kusini mwa Chennai, haifiki kilomita 60, basi zipo. Mgeni kutoka nje nililipa rupia 600, ni pesa ndiyo, ila tiketi hiyohiyo inakuingiza Shore Temple na yale mahekalu matano wanayoyaita Rathas kwa hiyo usiitupe. Kazi hii ilifanywa na wafalme wa Pallava karne ya 7 na ya 8.

Sasa hapo kwenye Rathas ndo nilipogundua kwamba sikuwa nimeelewa kitu. Mimi nilidhani yamejengwa. Hayajajengwa! Ni miamba iliyokuwa imesimama pale, mafundi wakaanza kuchonga kutoka juu wanashuka chini mpaka mwamba ukawa nyumba, na kuta zake na nguzo zake na sanamu zake, hakuna jiwe lililowekwa juu ya jiwe. Fikiria ukikosea pigo moja la tindo hakuna kuziba na simenti. Kuna moja dogo, la Draupadi (malkia wa hadithi za zamani za Wahindu), paa lake limechongwa kwa umbo la nyumba ya nyasi, kabisa yaani, unaona mteremko na zile kingo, nikabaki nimesimama namkumbuka bibi yangu na banda lake la makuti kule Pangani, mtu kachonga banda kwenye graniti miaka 1300 iliyopita na bado lipo. Pembeni kuna tembo wa jiwe mkubwa kama tembo wa kweli. Mengine hayakumalizwa, na kwangu mimi hayo ndo yalikuwa matamu zaidi, maana hapo ambapo hawakumaliza unaona alama za tindo jinsi walivyokuwa wanaupunguza mwamba kidogo kidogo, ni kama kumkuta fundi katikati ya kazi.

Shore Temple lenyewe ni zuri, limejengwa kwa mawe ya kupanga, lipo kabisa ufukweni, ila chumvi na upepo vimekula sanamu nyingi nyuso zimefutika. Nenda asubuhi tu. Watu wa pale bado wanasimulia tsunami ya Desemba 26, 2004, jinsi maji yalivyorudi nyuma kabla ya wimbi na mawe yaliyochongwa yakaonekana baharini, halafu watafiti wakaja kuchimba. Wimbi hilohilo lilifika mpaka pwani yetu siku ileile.

Ila kama una nafasi ya kwenda sehemu moja tu, nenda Thanjavur. Narudia, Thanjavur. Nilipanda treni ya usiku pale Chennai, kituo cha Egmore, nikafika alfajiri, nikachukua bajaji mpaka langoni mwa hekalu, wenyeji wanaliita Periya Kovil, yaani hekalu kubwa, na kwenye vitabu ni Brihadisvara. Kuingia ni bure. Mfalme Rajaraja wa kwanza wa ukoo wa Chola ndiye aliyelijenga, likakamilika mwaka 1010. Mimi nimefika Kilwa Kisiwani nikauona ule msikiti mkuu, sehemu yake ya kwanza nayo ni ya karne hiyo ya 11, kwa hiyo nilikuwa najiambia wakati mafundi wetu wanapanga matumbawe na chokaa kule, hawa walikuwa wanapandisha hii kitu hapa.

Na kitu chenyewe ni mnara wa graniti wa tabaka 13, urefu mita 60 hivi. Halafu umekaa tofauti na mahekalu mengine ya kusini ambayo malango ndo marefu na patakatifu pa katikati ni padogo, hapa malango ni mafupi na katikati ndo kuna mlima. Nilisimama kona nikafumba jicho moja kama tunavyofanya saiti tukikagua kona, nikafuata ule mstari mpaka juu, umenyooka mpaka moyo unauma kwa raha. Nikaenda kwenye ukuta wa chini nikatafuta chokaa kati ya jiwe na jiwe, hakuna, nikajaribu kuingiza ukucha kwenye kiungo kimoja usawa wa kifua changu, haukuingia. Na ujue eneo lile ni bonde la mto Kaveri, ni mashamba ya mpunga na udongo wa mafuriko, graniti hakuna, kila jiwe limesafirishwa makumi ya kilomita. Waongozaji watakwambia kile kichwa cha juu kina tani 80 na kilipandishwa kwa tembo kupitia njia ya udongo yenye urefu wa kilomita kadhaa, masimulizi hayo wanayapenda sana. Watakwambia pia kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Hiyo si kweli, jioni nilikaa ndani ya kivuli hicho zaidi ya saa moja na familia kibao zilikuwa zimekaa hapohapo na watoto wao wanakimbizana.

Lakini kilichonishika zaidi ni maandishi. Msingi wote kuzunguka hekalu umechongwa herufi za Kitamili, mstari juu ya mstari, mimi nikadhani ni dua. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniona napapasa herufi akaniuliza natokea wapi, tukazungumza Kiingereza, akanizungusha nusu saa nzima wala hakutaka hela. Kumbe ni daftari! Mfalme aliamuru kila kilichotolewa na yeye, na dada yake mkubwa Kundavai, na wake zake, na watu wengine, kichongwe kwenye jiwe. Dhahabu, vito, taa, mifugo ya kutoa samli ya taa, vyote na idadi yake. Halafu wafanyakazi. Wapo wanawake 400 waliokuwa wanacheza ngoma za hekalu, mmoja mmoja kwa jina lake, hekalu alilotoka, mtaa aliopewa na namba ya nyumba yake, na ujira wake wa mpunga kwa mwaka. Wapo wapiga muziki, washona nguo, vinyozi, dobi, wafinyanzi, wahasibu.

Nikamuuliza mzee, na fundi je? Akacheka akasema yupo, jina lake limo humuhumu kwenye mawe, Kunjaramallan Rajaraja Perunthachan, na hilo neno la mwisho maana yake ndo fundi mkuu. Na mfalme kampa jina lake mwenyewe alibebe, Rajaraja. Jamani. Mimi nimesimamisha majengo mangapi pale mjini, kibao cha mradi kina mwenye mali, kina mkandarasi, kina mshauri, fundi hayupo hata kwa herufi ndogo. Nililiandika hilo jina kwenye simu palepale, nimelihifadhi.

Mambo madogo ya kujua. Patakatifu panafungwa mchana saa sita na nusu hivi mpaka saa kumi, na hiyo saa sakafu ya mawe inaunguza nyayo vibaya, wanaweka mikeka ya kamba kupita lakini beba soksi. Asubuhi mapema na jioni ndo wakati wake, graniti inabadilika rangi kuwa kama asali. Yule ng'ombe Nandi wa mbele, fahali wa mungu Shiva, ni jiwe moja, banda lake na yeye ni vya wakati wa Wanayaka, watawala wa karne nyingi baadaye, hivyo usichanganye. Nilichokosa ni michoro ya ukutani ya wakati wa Chola iliyopo korido ya ndani, wageni hawaruhusiwi kupita, hiyo iliniuma. Na ukimaliza kula wali wa ukwaju, wanaufunga kwenye majani, mkali kiasi, karanga ndani, nilirudia mara mbili.

Siku ya pili nilikodi gari kwenda Gangaikonda Cholapuram, kama kilomita 70, kuona hekalu la Rajendra, mtoto wa Rajaraja. Dereva akanipitisha duka la hariri bila kuniuliza nikapoteza saa moja na nusu, mkikodi semeni mapema hamtaki duka lolote. Mnara wa kule ni mfupi kidogo, mita 55 hivi, na pembe zake zimejikunja kwa ulaini, wengine wanasema ni mzuri kuliko wa baba. Mimi nabaki na wa baba. Kilichonisikitisha ni ule ukuta wa nje, sehemu kubwa haipo, mawe yake yalichukuliwa na Waingereza mwaka 1836 kujengea bwawa la mto Kollidam. Fundi yeyote akiona pale yalipong'olewa anaumia.

Thanjavur nyota 5, Mahabalipuram 4 kwa sababu ya msongamano wa jumapili, Gangaikonda 4. Kwa wenye wagonjwa, Thanjavur ni mbali usimpeleke, lakini Mahabalipuram inawezekana. Siku mbili kabla ya ndege tulimpeleka mama mdogo kwa teksi, tukatoka saa kumi na moja alfajiri, njia ya Shore Temple ni tambarare, akatembea taratibu, akakaa kwenye kivuli cha ukuta anakula idli (vimkate laini vya mchele vya mvuke) tulizobeba, na kabla jua halijawa kali tukawa njiani kurudi.