Bandcamp kwa sisi wa Busia: duka tamu la muziki mpya, shida ni kulipa

Nianze na jibu kabisa kwa wale hawana muda. Kama unapenda muziki mpya, ule wa ajabu ajabu ambao redio haithubutu kuupiga hata saa tisa za usiku, Bandcamp ndio duka bora la mtandaoni kwa sasa. Kama unataka tu hits za wiki hii za Kampala usijisumbue, huko utapotea bure, baki YouTube au nenda kwa jamaa wa laibrari akujazie flash yako mambo yaishe.

Kinachonivuta kwanza ni kwamba unasikiliza kabla ya kutoa pesa. Si zile sekunde thelathini za kuonjeshwa, mara nyingi ni albamu nzima, kwenye brauza, hata akaunti huna. Ukirudia rudia sana ndio inaanza kukukumbusha kununua, na hapo jamani si wana haki? Ukishanunua unapakua faili lako, MP3 au FLAC (faili kubwa ambalo sauti yake haijapunguzwa) unavyotaka, na kesho simu ikiibiwa unaingia tena unapakua upya. Kwa sisi wa kuhesabu MB hiyo si kitu kidogo, maana tangu Julai 2021 ile kodi ya mitandao ya kijamii ya sh 200 kwa siku ilipoondoka hapa Uganda wakaleta ya asilimia 12 kwenye data, kwa hiyo kustrimu albamu moja kila siku ni kulipia kitu kilekile tena na tena. Mi nachukua MP3, albamu ya dakika arobaini inakuwa kama MB 100 hivi, hizo FLAC waachie wenye waifai ya ofisi.

Lakini utamu wenyewe uko chini ya jina la albamu. Kuna vipicha vya watu walioinunua, na wengine wameandika mstari mmoja mmoja kusema wimbo gani uliwamaliza. Gonga kapicha kamoja, inakufungukia kabati lote la huyo mtu, kila alichowahi kununua (asipokuwa amekificha). Sasa mtu kama mmependa wote wawili albamu moja ya kichaa, ujue ana vichaa vingine huko ndani, na si mashine inakubashiria, ni mtu aliyetoa hela yake mfukoni. Kuna mmoja namfuata, sijui hata ni mwanaume au mwanamke, picha yake ni paka, na kwa masikio kanizidi mbali. Usiku naingia kuangalia kanunua nini, nakuja kushtuka jogoo anawika.

Na cha kuchekesha ni kwamba kwa njia hiyo ndio nimeijua Uganda yetu vizuri zaidi. Wengi hapa tukisikia Nyege Nyege tunafikiria lile tamasha la Jinja lililoanza 2015 na kelele za wanasiasa kutaka kulifunga, kumbe wana lebo ya kutoa muziki, Nyege Nyege Tapes, na dada yake Hakuna Kulala, zote zinafanya kazi kutoka Kampala na ziko Bandcamp. Chukua Otim Alpha, ile Gulu City Anthems ya 2017. Larakaraka ya harusi za Waacholi, ile ya vibuyu vinavyopigwa na spoki za baiskeli, imehamia kwenye kompyuta, kwa sababu kuita kundi zima la wapigaji harusini ni gharama na jamaa mmoja na mashine yake anakuja bei nafuu. Yaani ni shida ya pesa imezaa muziki mpya kabisa! Halafu kuna Ekuka Morris Sirikiti, mzee wa eneo la Lango na lukeme yake (ile ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba), nyimbo zimeokolewa kutoka matangazo ya redio ya kati ya 1978 na 2003, sauti imekwaruza lakini usithubutu kuisafisha. Na kundi la Nakibembe la embaire, hii ni ya hapa Busoga tu, barabara yetu ya kwenda Kampala inakatiza hukohuko. Embaire ni marimba ya magogo makubwa yanayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, shimo ndio linakuza sauti, na watu wanakaa pande zote mbili wanapiga kwa pamoja mpaka hujui mkono wa nani uko wapi. Usiisikilize kwa spika ya simu, utakuwa umeitukana.

Kushirikisha wengine ni rahisi, unatuma linki tu WhatsApp na mwenzio anasikiliza bila kujiunga. Kuwashawishi ndio kazi. Nilimwekea fundi wetu wa simu hapa mpakani singeli, Sounds of Sisso, ile ya vijana wa studio ya Mburahati Dar es Salaam, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, akaacha kuchomelea waya akaniuliza, "Kaka, spika imekufa ama ni wimbo?" Nikamwambia ni wimbo. Kimya. Baada ya kama nyimbo tatu kichwa kinatikisika chenyewe, na sasa mteja akichelewesha hela anamuwekea hiyo kwa sauti ya juu mpaka alipe.

Sasa tuje kwenye kulipa, hapo ndio nyota inapungua. Wanataka kadi au PayPal. Hapa Busia hata mama wa nyanya unamlipa kwa mobile money lakini duka la dunia nzima halitambui hiyo. Kadi yangu ilikuwa imefungwa kwa malipo ya mtandaoni, ikabidi niende benki (jina lake silitaji), dada wa kaunta ananiuliza unanunua nini huko, namwambia muziki, ananiangalia hivi, "Muziki si uko bure YouTube?" Nikakosa la kumjibu. Bei nazo ni za dola na euro, albamu ya dola 7 ni kama sh 25,000 za Uganda, hiyo ni rolex (chapati ya mayai) za wiki nzima na chenji inabaki. Ndio maana sinunui ovyo, nasubiri Bandcamp Friday, zile Ijumaa walizoanza Machi 2020 ambazo wao hawachukui fungu lao. Siku za kawaida wanakata asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua, na kwangu hiyo ni sawa tu.

Jambo lingine, Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games, wale wa michezo ya kompyuta, 2022, mwaka uliofuata ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa. Kwa hiyo usitegemee kwamba itakuwepo vilevile milele, ukinunua pakua na uweke kwenye hard disk hapohapo.

Kwa mgeni ningesema aanze na MC Yallah, albamu yake Yallah Beibe ya 2023, anachana kwa Kiluganda, Kiluo, Kiingereza na Kiswahili chetu, midundo yake inauma lakini utapata pa kushika. Singeli weka mwisho. Karamoja na West Nile bado sijapata cha kunikalisha chini huko, mwenye anajua ukurasa mzuri anitumie linki.